Kutembelea makumbusho ya amani Kitgum na minara ya vita vya Kony kaskazini mwa Uganda: mwongozo kamili

Mi nakaa Bweyale, hapa kwenye barabara kuu ya Kampala kwenda Gulu, na kila mara kuna mgeni anashuka kwenye basi kununua muhogo na maji akisikia tunaongea Kiswahili anafurahi anaanza kuuliza maswali. Wengi ni Wakenya na Watanzania wanaokwenda Murchison kuangalia tembo. Siku hizi lakini wapo wanaouliza kitu kingine: hivi ile vita ya Kony, yule kiongozi wa waasi wa LRA, ilipiganwa wapi, mtu anaweza kwenda kuona? Anaweza. Ila inabidi ajue anaendaje, na ndo maana nimeona niandike hii yote mara moja.

Kwanza toa kichwani picha ya Kigali. Ukiwa umeshafika Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, ukaona lile jengo, maua, vifaa vya kusikilizia maelezo, basi huku hutakuta hivyo. Huku makumbusho ni kituo kimoja cha maana mjini Kitgum, halafu minara imetapakaa vijijini, jiwe la simenti na kaburi la pamoja kando ya shule ya msingi au kituo cha afya, na mita chache tu kutoka hapo mtu analima simsim yake. Uwanja wa vita ni kijiji cha watu. Hakuna geti wala tiketi, na ukifika kama unaingia zu utaangaliwa vibaya na utastahili.

Na kitu cha pili, ambacho kwangu ndo kikubwa: usiende kuangalia jiwe, nenda kuuliza nani aliliweka hilo jiwe na nani alihesabu majina. Kaskazini hii namba iliyoandikwa na namba wanayoisema wenyeji mara nyingi hazikutani, na ukielewa kwa nini hazikutani umeelewa vita yenyewe kuliko ukipiga picha mia.

HATUA YA KWANZA: Ijue vita kabla ya kupanda basi

Sio lazima usome kitabu kizima ila usifike Gulu hujui chochote, maana utauliza maswali ya kuumiza watu.

Kwa kifupi basi. Januari 1986 NRA, jeshi la msituni la Museveni, inachukua Kampala, wanajeshi wa serikali iliyopinduliwa, wengi Waacholi, wanarudi kwao kaskazini, wengine wanavuka Sudan, na mwaka huohuo uasi unaanza. Alice Lakwena na jeshi lake la Roho Mtakatifu wakateremka mpaka karibu na Jinja mwaka 1987 wakapigwa huko. Baada yake akabaki Joseph Kony, mtoto wa kijiji cha Odek, na kundi lake likaja kuitwa LRA (Lord's Resistance Army). Hapo ndo miaka karibu 20 ya mateso ikaanza, na waliokula kipigo zaidi walikuwa Waacholi wenyewe, watu wa kabila lake, baadaye Lango na Teso pia. UNICEF ilikadiria watoto waliotekwa ni 25,000 na wapo waliokadiria zaidi ya hapo.

Sasa upande wa pili, huu watu wa nje huwa wanauruka. Gavumenti ilihamishia watu kambini, ikasema ni kwa usalama wao. Wakati mbaya zaidi watu kama milioni 1.8 walikuwa kambini kaskazini. Utafiti wa afya wa mwaka 2005 ulioongozwa na wizara ya afya pamoja na WHO ulionyesha kuwa Acholi peke yake walikuwa wanakufa watu kama 1,000 kwa wiki juu ya idadi ya kawaida, wengi malaria na magonjwa ya kambini. Kwa hiyo ukisimama mbele ya mnara wenye majina ya waliouawa siku moja, jua kuna wengine wengi sana ambao hawana mnara popote kwa sababu walikufa kidogokidogo kwa homa na kuharisha ndani ya vibanda vya nyasi. Kambi nyingi hata alama hamna tena, wameshalima juu yake.

Mazungumzo ya Juba kati ya gavumenti na LRA yakaanza Julai 2006, Agosti wakasaini kusimamisha mapigano, Kony hakusaini mkataba wa mwisho 2008, lakini bunduki zilishanyamaza Uganda na watu wakaanza kurudi makwao. Hayo yanakutosha kwa kuanzia.

HATUA YA PILI: Chagua tarehe

Mvua kaskazini inaanza kama Aprili mpaka Oktoba au Novemba hivi, na barabara za vijijini zikilowa boda inageuka mashua. Kiangazi ni Desemba mpaka Machi, jua kali, vumbi, ila unafika kokote.

Vijiji vilivyoshambuliwa na LRA vina tarehe za maombi ya kumbukumbu kila mwaka na hizi ndo ziandike:

Barlonyo, 21 Februari (shambulio la 2004)
Atiak, 20 Aprili (1995)
Lukodi, 19 Mei (2004)

Kwenda siku ya maombi kuna raha yake na tabu yake. Raha ni kwamba kijiji kizima kipo, wazee wanaongea wenyewe bila wewe kuuliza, kuna misa au dua, kuna chakula. Tabu ni kwamba wapo pia wanasiasa, hotuba ndefu, mahema, magari ya wakubwa, na manusura wanakaa nyuma. Maoni yangu: kama ni mara yako ya kwanza na unataka kusikiliza tu, nenda siku ya kawaida, ila Jumapili asubuhi hapana, watu wako kanisani. Kama umeshafika kabla na unajulikana, hapo nenda siku ya maombi. Februari ya Barlonyo ndo rahisi zaidi kwa barabara, Atiak na Lukodi ziko ndani ya mvua.

HATUA YA TATU: Kutoka Kampala

Mkenya anaingia na kitambulisho cha taifa, wengine bebeni pasi, na kadi ya homa ya manjano kila mtu awe nayo. Basi za Gulu na Kitgum zinatoka Kampala mchana na usiku. Panda ya asubuhi. Za usiku zinakimbia mno barabara hii, mi nakaa kando yake naona.

Kampala mpaka Gulu ni kama kilomita 330 hivi, hesabu saa 5 au 6. Na usilale njiani, maana barabara yenyewe ni somo. Ukishapita Bombo, penye kambi kubwa ya jeshi (simu iweke mfukoni hapo, usipige picha), unaingia Wobulenzi, Luwero, Nakasongola. Hii ndo Luwero Triangle ya vita vya msituni vya 1981 mpaka 1986, Museveni dhidi ya Obote. Baada ya vita mafuvu ya watu yalipangwa kando ya barabara hii, wazee wanakumbuka, na baadaye yakazikwa kwenye makaburi ya pamoja. Ukitaka kusimama Luwero unaweza, ila fanya siku yake, usichanganye. Ni vita nyingine na ina wafu wake na mabishano yake.

Halafu unafika kwetu Bweyale, nunua maji, kisha Karuma, mto Nile unachemka pale chini. Karuma kuna nyani na kuna askari, darajani usipige picha hata kama abiria mwenzako anapiga. Ukishavuka hapo umeingia kaskazini.

HATUA YA NNE: Pita Gulu, nenda Kitgum kwanza

Najua inauma, umefika Gulu umechoka, Lukodi iko kilomita kama 17 tu, unataka kwenda kesho asubuhi. Lala Gulu sawa, kula vizuri, ila asubuhi panda taksi ya Kitgum (taksi huku ndo matatu au daladala). Ni kama kilomita 100, lami siku hizi.

Sababu ni hii. Kitgum kuna kituo kinaitwa National Memory and Peace Documentation Centre, kilianzishwa na Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere wakishirikiana na wilaya ya Kitgum. Watu wa boda wengine wanakijua kwa jina la Refugee Law Project, taja majina yote mawili. Pale ndo wamekusanya kumbukumbu: picha, michoro ya manusura, vitu vilivyotumika wakati wa vita na kambini, nyaraka, maelezo ya watu waliopitia. Wamekusanya habari za migogoro ya Uganda nzima, sio ya Kony peke yake, na hilo ndo zuri lake, unaona kwamba kaskazini haikuwa kichaa cha peke yake kilichodondoka kutoka mbinguni, kuna 1966 Obote alipovamia ikulu ya Kabaka, kuna Amin, kuna Luwero, kuna Teso, kila moja imezaa nyingine.

Jinsi ya kukitumia hiki kituo, maana wengi wanaingia wanazunguka dakika ishirini wanatoka:

Piga simu au andika barua pepe kabla, sema wewe ni nani, mko wangapi, mnataka nini. Ni kituo cha kazi, kuna siku wana mafunzo na wageni wengine. Nenda siku ya kazi, asubuhi.

Omba mtu wa kukuelezea. Ukitembea peke yako utaona sufuria kuukuu, akikuelezea mtu utajua ni sufuria ya nani na iliokotwa wapi.

Uliza kama unaweza kukaa na nyaraka. Tafuta kijiji unachotaka kwenda, soma kilichoandikwa juu yake, andika majina ya koo na ya mahali kwenye daftari lako. Hii itakusaidia mno ukifika.

Mwisho waulize wafanyakazi: nikienda Lukodi au Mucwini nimtafute nani? Watakuunganisha na mtu wa kamati ya manusura, na hapo umeshavuka nusu ya safari, kwa sababu utafika kijijini ukiwa umetumwa na mtu anayejulikana.

Ukiwa Kitgum ulizia na Mucwini iko karibu. Tarehe 24 Julai 2002 waliuawa watu 56 pale, na chanzo chake ni mtu aliyetekwa akatoroka na bunduki, LRA wakaja kulipa kisasi kwa kijiji. Fikiria sasa uzito wa familia ya yule aliyetoroka. Mambo ya namna hiyo ndo Waacholi wanayapeleka kwenye mato oput, ule upatanisho wa kunywa mizizi michungu kwa pamoja baina ya ukoo uliouawa na ukoo wa muuaji, na fidia inalipwa. Usimuulize mtu wa barabarani habari za Mucwini. Uliza kituoni, wao wanajua namna ya kusimulia.

Halafu lala Kitgum siku hiyo. Kichwa kitakuwa kizito, hutataka safari.

HATUA YA TANO: Kuingia kijijini, mfano Lukodi

Rudi Gulu, kodi boda ya siku nzima (mtu umemuamini, hoteli watakuitia) au special, yaani gari la kukodi, kama mko wengi. Vaa heshima, dada zangu gauni au suruali pana na lesso mkononi, kaka zangu kaptula acheni hotelini. Na kofia au jaketi yenye rangi za kijeshi usivae kabisa, kwanza ni kosa kisheria Uganda raia kuvaa sare za jeshi, pili unaenda kwa watu waliokimbia watu wenye nguo hizo, za pande zote mbili.

Ukifika usiende kwenye mnara moja kwa moja. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Hii sio ushauri wa adabu tu, ni utaratibu wa nchi, mgeni anajitambulisha kwa LC. Yeye atamwita mtu wa kamati ya kumbukumbu, mtakaa chini ya mwembe, watu watasalimiana kwa muda, usiangalie saa.

Salamu anza kwa Kiacholi hata kama unajua mbili tatu. "Itye nining?" wanakujibu "Atye maber". Mwanaume mtu mzima ni ladit, mama mtu mzima ni mego, asante ni apwoyo. Baada ya hapo endelea na Kiswahili, wengi wanasikia, ila jua kwamba kwa wazee wa huku Kiswahili walikisikia kwanza mdomoni mwa askari, tena askari wenye hasira, kwa hiyo ukifungua mdomo na "habari yako mzee, niambie..." kwa sauti ya juu, umeanza vibaya. Mi Kiswahili ni lugha yangu naipenda, lakini ukweli ndo huo. Kama kikigoma, mwalimu wa shule atakutafsiria.

Lukodi ilikuwa kambi. Jioni ya 19 Mei 2004 LRA wakaingia, walinzi wa pale wakazidiwa, nyumba zikachomwa na watu ndani, wengine wakatekwa kubeba vitu wakauawa njiani. Wenyeji wanahesabu zaidi ya watu 60 waliokufa. Ukienda kusoma hukumu ya ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai, ya Dominic Ongwen aliyekuwa kamanda wa LRA, utakuta imeandikwa "wasiopungua 48". Hapa simama kidogo, usikimbilie kusema mmoja anadanganya. Mahakama inaandika kile tu kilichothibitishwa mbele yake bila shaka. Kijiji kinahesabu pia aliyekufa wiki mbili baadaye kwa kidonda, na aliyechukuliwa asirudi. Zote mbili ni hesabu za kweli, zimejibu swali tofauti.

Ongwen mwenyewe alitekwa mtoto wa miaka kama 9 mwaka 1987 akaenda kukulia humo mpaka akawa kamanda. Februari 2021 alikutwa na hatia ya makosa 61, akafungwa miaka 25, rufaa yake ikagonga mwamba Desemba 2022. Februari 2024 majaji wakaamuru fidia, Euro 750 kwa kila mwathirika kama alama tu pamoja na miradi ya jamii, kwa watu karibu 50,000, jumla zaidi ya Euro milioni 52. Hizo hela mahakama ilijua wazi Ongwen hana. Kwa hiyo ukifika Lukodi, Odek, Abok au Pajule, vijiji vinne vya ile kesi, watu wanaweza kudhani umeleta habari za malipo. Sema mapema, wazi, mbele ya LC: mimi ni mgeni nimekuja kujifunza, sitoki mahakamani, sitoki shirika lolote. Rudia hata mara mbili.

HATUA YA SITA: Namna ya kuusoma mnara

Hapa nitakaa, na nitatumia Barlonyo, kwa sababu hakuna mahali pengine jambo hili liko wazi hivyo.

Barlonyo iko kaskazini ya Lira, kama kilomita 26. Jioni ya tarehe 21 Februari 2004 LRA waliivamia kambi iliyolindwa na wanamgambo wachache wa Amuka, vijana wa Lango waliopewa bunduki na mafunzo kidogo. Hawakuweza kitu. Watu walichomewa ndani ya vibanda. Baadaye gavumenti ikajenga kaburi la pamoja na kuweka jiwe, na jiwe linasema watu 121. Wenyeji wanasema zaidi ya 300. Sio 130 au 150. Zaidi ya mara mbili.

Sasa wewe umesimama pale, fanya hivi.

Angalia nani ameweka. Ni gavumenti, ni kanisa, ni shirika, ni kijiji wenyewe? Jiwe la gavumenti lina kawaida ya kumtaja adui kwa nguvu na kutomtaja aliyetakiwa kulinda. Kusema waliokufa ni zaidi ya 300 kwenye kambi ambayo wewe gavumenti uliwaamuru watu wakae ili uwalinde ni kujishtaki mwenyewe. Hilo ni wazo langu lakini ukikaa na wazee wa pale utasikia linafanana na lao.

Angalia lugha. Kama limeandikwa Kiingereza tupu, limeandikiwa wageni.

Angalia kama kuna majina au namba tupu. Namba unaweza kubishana nayo, jina huwezi. Penye majina uliza yaliandikwa na nani na kama kuna aliyesahaulika, mara nyingi yupo, na mara nyingi ni mtoto mdogo au mtu aliyekuwa mgeni kambini.

Uliza waliozikwa hapa ni wote? Kaskazini familia nyingi zilirudi kufukua ndugu zao wakawazike nyumbani, kwa sababu mtu wa huku kuzikwa mbali na boma lake ni jambo zito, na mifupa iliyobaki porini bila kuzikwa inaaminika inasumbua walio hai. Kwa hiyo kaburi la pamoja linaweza kuwa na watu pungufu ya wale waliokufa, na hapo napo hesabu inapotea.

Uliza mnara unahudumiwa na nani, nani anafyeka nyasi. Jibu litakuambia kama ni wa watu au ni wa ofisi.

Ukiuliza haya kwa upole utasikia mtu anapumua, kwa sababu wageni wengi wanamuuliza tu "ilikuwaje siku ile", na amesimulia siku ile mpaka imekauka mdomoni.

MASWALI, PICHA NA SENTE

Usimuulize mtu kama alitekwa. Usiulize mtoto wa nani. Wapo akina mama waliorudi na watoto waliozaliwa porini na bado wanatengwa, wapo waliotekwa wakalazimishwa kuua jirani zao na leo wanauza nyanya soko moja na hao jirani. Akitaka kusema atasema.

LRA walikata watu midomo, masikio, pua. Ukikutana na mtu wa hivyo msalimie kama mtu, simu iache mfukoni. Mnara wenyewe piga picha baada ya kuomba, watoto wa shule usipige, mama anayelia usipige, na picha ya kujipiga mwenyewe mbele ya kaburi sijui hata nisemeje.

Sente: usigawe mkononi, hasa watoto. Uliza kamati kama kuna daftari la wageni na mchango, weka humo, mbele ya watu, wakuandikie. Mwenyekiti na aliyekutembeza wape ya usafiri na soda, hilo ni la kawaida. Aliyekutafsiria umlipe kama kazi. Na usiahidi kitu. Lukodi, Barlonyo na Atiak wameshaandikwa na watafiti kutoka dunia nzima, wamepigwa picha, wamejaza fomu, na wengi walioahidi "tutarudi" hawakurudi.

Vyuma: Uganda ilitangazwa haina mabomu ya ardhini Desemba 2012, lakini ukiona chuma usichokijua porini usikiguse wala usikipige teke, mwite LC.

SEHEMU NYINGINE, HARAKA HARAKA

Atiak iko barabara ya Gulu kwenda Nimule, lami, kama kilomita 70. Tarehe 20 Aprili 1995 LRA chini ya Vincent Otti, mtu wa Atiak hiyohiyo, waliua watu wanaokadiriwa 200 hadi 300, wakiwemo wanafunzi wa shule ya ufundi. Njiani unapita Pabbo, iliyokuwa kambi kubwa kuliko zote.

Aboke, wilaya ya Kole, ni shule ya wasichana ya St. Mary's. Oktoba 1996 walitekwa wasichana 139, Sista Rachele Fassera akawafuata porini na mwalimu John Bosco Ocen, wakarudi na 109. Hii ni shule inafanya kazi, usiingie bila barua kwa mkuu wa shule.

Gulu mjini nenda hospitali ya Lacor, usiku enzi za vita maelfu ya watoto wa vijijini walikuwa wanatembea kuja kulala uani pale ili wasitekwe. Kuna kaburi la daktari Matthew Lukwiya pia, aliyekufa kwa Ebola Desemba 2000 akihudumia wagonjwa. Ni hospitali ya watu, pita kimya. Jioni tafuta malakwang (mboga chachu) na kwon (ugali) ya mtama na odi (simsim au karanga ya kusaga), huwezi kufika Gulu ukala chipsi.

Wabongo na wanaotokea Masaka: njia ya Mutukula mnapita Lukaya, pale kinamasini jeshi la Tanzania lilipigana na askari wa Amin na Walibya tarehe 10 na 11 Machi 1979, mwezi mmoja kabla ya Kampala kuanguka. Ni barabara tu na samaki wa kukaanga, waliokufa upande wa Tanzania makaburi yao yako Kaboya, Kagera. Ila kaa dirishani.

HATUA YA MWISHO: Rudi kwa njia ya mashariki

Ukimaliza Lira usirudi Karuma kama una muda. Panda ya Soroti, halafu teremka Mukura, wilaya ya Ngora, baina ya Soroti na Kumi. Nasisitiza hii kwa sababu minara yote niliyotaja mpaka sasa ni ya waliouawa na LRA, na ukiondoka na hiyo peke yake umeondoka na nusu. Kaskazini wenyewe watakutajia kijiji cha Burcoro, ambako Aprili 1991 wanajeshi wa NRA walikusanya watu kwenye shule ya msingi wakawatesa kwa siku kadhaa. Mukura ni ya Teso: tarehe 11 Julai 1989 wanajeshi wa NRA waliwafungia vijana kwenye behewa la treni wakiwatuhumu kuwa waasi, na 69 wakafa kwa kukosa hewa. Gavumenti ilikiri, kuna mnara na kuna shule ya sekondari iliyojengwa kwa kumbukumbu yao.

Utaratibu ni uleule, LC kwanza, salamu, daftari. Salamu ya Kiteso ni "Yoga". Uliza reli iko wapi, watakupeleka. Na baadaye ukiandika au kuposti chochote kuhusu safari yako, kama ni Barlonyo andika 121 na andika zaidi ya 300, useme ipi imesemwa na nani, kisha wale wa kamati waliokupa namba zao watumie picha za mnara wao kwa WhatsApp. Kutoka Mukura taksi za Mbale zipo mchana, ila jioni zinapungua, uwe barabarani kabla ya saa kumi.